Ukaguzi wa boti za Ziwa Nyasa ufungue na sanduku la vipuri vya umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo linalowahusu wote wanaosafiri kwa boti za mashine katika Ziwa Nyasa, kuanzia Itungi na Matema kwetu Kyela, kupita Ikombe na Lupingu hadi Manda na Liuli. Kila zinapozungumzwa ajali za majini hutajwa mambo mawili, jaketi okozi na kuzidisha abiria, na ni haki yatajwe. Mimi ni fundi wa mashine za boti, na kazi yangu hunionesha jambo la tatu ambalo halipewi uzito wake: boti nyingi huondoka ufukweni bila fyuzi moja ya akiba, bila kipande cha waya, na zikiwa na nahodha ambaye hakufundishwa afanye nini pale mashine, ambayo hufungwa nyuma ya boti na hunyanyuliwa au kushushwa majini, inapokataa kupanda au kushuka. Ninasema boti ya namna hiyo haijawa tayari kwa safari, hata kama kila abiria amevaa jaketi.

Anayeifahamu Nyasa ataelewa kwa nini ninalishikilia jambo hili. Kwenye maji ya kina kifupi, boti ikizimika hutupa nanga na kusubiri msaada. Upande wetu, ambako Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, kina huongezeka ghafla ukishaachana na mawe ya pwani, na penye kina kikubwa zaidi ziwa hili hufika takriban mita 700. Kamba ya nanga anayobeba nahodha wa kawaida haigusi chini. Boti isiyo na mashine hugeuka ikayapa mawimbi ubavu, na fukwe za kuegesha ni chache, zimetenganishwa na miamba mirefu ambako hata mtu akifika akiwa hai hana njia ya kupanda. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, mawimbi hupata nafasi ya kutosha kukua kabla ya kutufikia sisi tulio kwenye ncha yake ya kaskazini. Mtandao wa simu nao haushiki kila mahali chini ya milima ile.

Zamani habari za umeme hazikuwa na uzito huu. Mashine za kuchanganyiwa oili kwenye petroli, ambazo bado zipo na zinafanya kazi nzuri, ziliwashwa kwa kuvuta kamba, na moto wa plagi ulizalishwa na sumaku iliyo kwenye gurudumu la mashine yenyewe, bila kutegemea betri. Nahodha aliyebeba plagi mbili, spana ya plagi na kamba ya kuvutia alikuwa amejiandaa vya kutosha. Mazoea hayo ndiyo yaliyobaki, lakini mashine zimebadilika. Mashine kubwa za mipigo minne zinazonunuliwa sasa hupata petroli kwa pampu ya umeme, kompyuta ndogo ndiyo huamua kiasi chake, na mashine nzima hupandishwa na kushushwa kwa mota ya umeme inayosukuma oili ya haidroliki. Nyingi kati ya hizo huwezi kuziwasha kwa mkono. Fyuzi moja ikikatika, mtambo wa mamilioni ya shilingi unakuwa mzigo tu uliofungwa nyuma ya boti.

Basi sanduku ninalolizungumzia liwe na nini? Kwanza fyuzi za kila ukubwa uliomo kwenye mashine husika, na ziwe zaidi ya moja kwa kila ukubwa, maana fyuzi iliyokatika kwa hitilafu itakata na ya pili kabla hujaijua hitilafu ilipo. Fyuzi za kuchomeka, kama zile za magari, hutofautishwa kwa rangi: nyekundu ni ya ampea 10, bluu ni 15, njano ni 20, na kijani ni 30. Rangi ile ifuatwe. Nimekuta boti ambayo mahali pa fyuzi ya ampea 20 pamefungwa waya mtupu, na nyingine iliyowekewa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, eti iwafikishe nyumbani. Fyuzi iliwekwa pale ili ikatike yenyewe kabla waya haijashika moto. Ukiziba nafasi yake kwa waya, kitakachoungua ni waya uliopita kando ya tangi la petroli, ndani ya chombo ambacho abiria wake hawana pa kukimbilia.

Pili iwepo rilei ya akiba, yaani ile swichi ndogo inayojifunga na kujifungua kwa umeme. Mashine zenye trimu ya umeme, yaani ule mtambo wa kupandishia na kushushia mashine, kwa kawaida huwa na rilei mbili, moja ya kupandisha na nyingine ya kushusha, na mara nyingi hufanana. Zikifanana, nahodha anaweza kuzibadilishana nafasi: ikiwa mashine ilikuwa inashuka lakini haipandi, na baada ya kubadilisha ikawa inapanda lakini haishuki, ameshapata mgonjwa wake bila kumwita fundi. Mengine niyataje kwa haraka: mita kadhaa za waya mnene na mwembamba, vichwa vya kubana waya, utepe wa umeme, koleo, bisibisi pana na nyembamba, nati za vichwa vya betri, taa ya kupimia au mita ndogo, na kibanio cha akiba cha kamba ya kuzimia mashine, ile anayojifunga nahodha ili mashine izimike akianguka. Kibanio hiki hudharauliwa kwa kuwa ni kipande cha plastiki tu, lakini kikipotea majini mashine nzima kabisa itakataa kuwaka. Vyote viwekwe kwenye chombo kinachofungwa kisiingie maji. Hata ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko wake inafaa, mradi isafishwe na kukaushwa vizuri. Bei ya fyuzi zote nilizozitaja haiwezi kumshinda mwenye boti anayetoza nauli.

Kuna dhana iliyoenea kwetu kwamba kwa kuwa maji ya Nyasa hayana chumvi, nyaya haziozi. Ni kweli kwamba chumvi huharakisha kuoza, lakini Kyela na Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, boti hulala nje miezi yote, na maji hukaa chini ya mbao za sakafu mahali ambapo betri nayo imewekwa. Shaba hugeuka kijani ndani ya ganda la waya huku nje waya unang'aa. Njia rahisi ya kugundua ni kuukunja kwa vidole hatua kwa hatua kutoka kwenye betri hadi kwenye mota. Waya mzima hukaza na kurudi. Uliooza ndani hulegea kama kamba iliyoloa, na hapo ndipo pa kukata. Betri yenyewe ipimwe mashine ikiwa imezimwa na imepumzika: ile ya volti 12 iliyojaa huonesha takriban 12.6, na mashine inapounguruma kipimo kipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, betri haichajiwi, na safari ya kurudi inakuwa ya kubahatisha.

Sasa nije kwenye trimu, ambayo naona ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko yote, kwa sababu wengi hudhani kile kitufe cha kupandisha mashine ni cha kuegeshea tu. Mashine inapoingizwa karibu na ubao wa nyuma, pangaboi husukuma kwa namna inayoshusha omo la boti, yaani sehemu yake ya mbele. Inapotolewa nje kidogo, omo huinuka na boti hupunguza eneo linaloburuzwa majini. Wakati wa kuondoka na mzigo, mashine iwe ndani, ili boti ipande juu ya maji haraka bila omo kuelekea mbinguni na kumficha nahodha mitumbwi iliyo mbele yake. Ikishatulia katika mwendo, itolewe nje kidogo kidogo hadi usukani uwe mwepesi na mlio wa mashine uwe laini. Ikizidi kutolewa, boti huanza kuchupa, omo likipanda na kupiga maji kwa mfululizo, na pangaboi hunyonya hewa, mashine ikapiga kelele bila kusukuma. Hapo dawa ni kuirudisha ndani, wala si kuongeza moto. Kwenye mawimbi yanayokuja mbele, mashine irudi ndani kiasi. Kwenye mawimbi yanayokuja nyuma, isiingizwe mno, kwani omo likichimba ndani ya wimbi la mbele boti inaweza kugeuka ghafla ikalala ubavu.

Kabla ya kugusa kitufe, lakini, nahodha atazame mzigo. Boti zetu hubeba magunia ya mchele wa Kyela, saruji, kreti za soda, na kutoka Ikombe vyungu vya akina mama wa Kikisi ambavyo husambaa Mbeya yote na nje ya mkoa. Vyungu huchukua nafasi kubwa, kwa hiyo hupangwa mbele, na abiria wote husogezwa tezi, yaani nyuma, karibu na mashine, tangi na betri. Boti iliyojaa nyuma namna hiyo ni kama lori lililopakiwa vibaya linapopanda Kitonga: magurudumu ya mbele hayashiki barabara na usukani haumsikii dereva. Hakuna trimu itakayoirekebisha. Watu wasogee mbele, na kilicho kizito kikae chini katikati. Vivyo hivyo boti ikilala upande mmoja, atafutwe kwanza aliyekaa vibaya, gunia lililohama, au maji yaliyokusanyika chini, kabla mtu hajailaumu mashine.

Ikiwa mzigo umekaa sawa na bado usukani unavuta upande mmoja, chini ya lile bapa lililo juu ya pangaboi mashine nyingi zina kipezi kidogo kilichofungwa kwa bolti moja. Usukani ukivuta kulia, sehemu ya nyuma ya kipezi igeuzwe kulia kidogo. Ukivuta kushoto, igeuzwe kushoto. Kisha ijaribiwe tena. Na pangaboi likinyonya hewa hata mashine ikiwa ndani, tazameni urefu wa ubao wa nyuma. Mashine hutengenezwa kwa urefu wa mguu unaolingana na ubao wa inchi 15, 20 au 25, na lile bapa linatakiwa kuwa takribani usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo. Mafundi seremala wetu hujenga boti imara sana, lakini mara nyingi ubao wa nyuma hupewa urefu kabla mwenye boti hajajua atanunua mashine gani, na mashine fupi hufungwa juu ya ubao mrefu. Ninawaomba maseremala waulize kwanza.

Nieleze tukio moja kwa kina, kwa sababu linaonesha namna umeme na trimu vinavyokutana. Ilikuwa Jumamosi ya soko pale Lyulilo, boti ikitokea Ikombe na akina mama, watoto na vyungu. Ilipokaribia ufukwe kijana aliyeshika usukani alibonyeza kitufe cha kupandisha mashine ili pangaboi lisichimbe mchanga, na mashine haikupanda. Alibonyeza tena na tena. Pangaboi likagusa chini, mashine ikazimika, na mawimbi yaliyokuwa yakivunjika nyuma yakaanza kuingia ndani ya boti. Wanaume waliokuwa sokoni waliingia majini hadi kifuani wakaishika boti, watoto wakatolewa mabegani, na vyungu kadhaa vikavunjika. Nilipofika na kumwomba abonyeze tena, nilisikia mlio mdogo wa rilei, "ta", kisha kimya. Mlio ule ulitosha kuniambia kwamba swichi na fyuzi ya swichi ni nzima, na kwamba umeme unapotelea kati ya rilei na mota. Niliufuata waya kwa vidole hadi pale unapoingia kwenye kishikio kinachoifunga mashine kwenye ubao wa nyuma, na hapo ukalegea. Nilipokata ganda, kilichotoka ni unga wa kijani na nyuzi mbili tatu za shaba. Kukata, kuunganisha na kufunga kulichukua muda mfupi kuliko waliochukua kuokota vyungu.

Kilichonisikitisha ni kwamba boti ile ingeweza kupandishwa mashine hata bila umeme. Pembeni mwa kishikio, kwenye mashine nyingi za trimu ya umeme, ipo skrubu pana ambayo ikilegezwa huachia oili ya haidroliki, na mashine ikanyanyuliwa kwa mikono. Kijana yule hakuwa ameambiwa habari zake, na ndani ya boti hamkuwa na bisibisi ya kuilegeza. Simlaumu hata kidogo. Alikabidhiwa roho za watu na mtu ambaye hakumkabidhi maarifa wala kifaa.

Kwa hiyo nahodha ajifunze kusikiliza. Akibonyeza kitufe na pakawa kimya kabisa, aanzie kwenye betri, vichwa vyake, fyuzi na swichi. Akisikia mlio wa rilei tu, atazame rilei yenyewe na nyaya za mota. Akisikia mota inazunguka lakini mashine haisogei, umeme wake ni mzima. Tatizo ni oili iliyopungua, hewa iliyoingia, au skrubu ile iliyoachwa wazi. Oili hutazamwa mashine ikiwa imepandishwa juu kabisa na kuegemezwa kwenye kishikilio chake. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili, zile pete za kuzuia uvujaji, zibadilishwe. Isiwekwe oili ya breki ya gari, ingawa wapo wanaoishauri, kwa sababu inaharibu sili za mtambo ule. Itumike aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Na anayelegeza skrubu ya kunyanyulia ahakikishe mashine imezimwa na hakuna mkono wa mtu kati ya mashine na ubao, kwani mashine ya nguvu farasi 40 inaweza kukaribia kilo 100. Akimaliza aikaze, maana ikiachwa wazi mashine itarukia juu pindi atakaporudi kinyumenyume.

Ombi langu la kwanza ni kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo kwa sheria ya mwaka 2017 lilikabidhiwa usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini. Mkaguzi anapohesabu jaketi okozi na kutazama mbao za boti, afungue pia sanduku la vipuri, na amwambie nahodha abadilishe fyuzi moja na kuonesha skrubu ya kunyanyulia mashine ilipo. Ni jambo la dakika chache. Asiyeweza asinyang'anywe riziki siku hiyo hiyo. Apewe muda, afundishwe, kisha akaguliwe tena. Boti ya abiria isiyo na sanduku kabisa, hata hivyo, isiondoke.

La pili ni kwa mafunzo. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ana kampasi Mbegani na Nyegezi, lakini kijana wa Matema au Lupingu hana nauli wala miezi ya kwenda Bagamoyo au Mwanza kujifunza rilei. Kozi fupi ya siku chache iletwe Kyela, Ludewa na wilaya ya Nyasa, ifanyikie ufukweni juu ya mashine zilezile wanazozitumia, na VETA Mbeya wenye walimu wa umeme wa magari washirikishwe, kwa sababu umeme wa volti 12 ni uleule.

La tatu ni kwa wenye boti, ambao wengi wao hukaa Mbeya mjini au Kyela na hupokea hesabu za jioni kwa simu. Kijana anapoomba fedha za fyuzi na waya, asijibiwe kwamba anatafuta ya soda. Duka lenye rilei ya mashine ya boti liko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka ziwani, kupanda Tukuyu na kushuka tena. Kipuri kisichokuwa ndani ya boti, kwa aliye katikati ya maji, ni sawa na hakipo. Wenye maduka ya vipuri pale Mwanjelwa nao wangepata wateja wa uhakika endapo wangefunga sanduku zima kwa kila aina ya mashine inayotumika ziwani na kuliuza kwa bei moja, badala ya kumfanya mtu azunguke duka kwa duka kutafuta kitu kimoja kimoja.

Upepo wa kusini huanza kukaza Juni. Ninapendekeza halmashauri za wilaya zinazopakana na ziwa ziwaite manahodha, wenye boti na mafundi katika kila bandari ndogo kabla ya mwezi huo, kila mmoja akiwa na boti yake na sanduku lake. Mafundi tulio huku tuko tayari kufundisha bila malipo, na ninaandika haya baada ya kuzungumza na wenzangu wa Matema na Itungi, ambao wamekubali.

Fundi wa mashine za boti,
Matema, Kyela,
Mkoa wa Mbeya.